Ukurasa wa Mbuzi Mweupe

Kijiwe hiki hakina jina, kina benchi tu. Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali barazani kwa Fundi Cherehani, mkabala na lango la shule ya msingi. Bawaba zake hazijang'olewa, na zimeshachana suruali za watu wengi na kumpatia Fundi kazi ya viraka. Kila siku, jua likishapita utosini, utawakuta wamekaa vilevile. Karani Mstaafu hukaa upande wa ukutani, maana hupenda kuegemea akitoa hukumu. Wembe, kinyozi wa duka la pili, hukaa upande wa barabarani, amwone mteja kabla mteja hajabadili mawazo. Mama Birika hukaa katikati na jiko lake la makaa, akiwamiminia kahawa na kuwakatisha maneno. Fundi mwenyewe hakai benchini. Yeye yupo mlangoni kwenye cherehani, mguu unakanyaga, sikio liko kijiweni. Siku hiyo alikuwa anamalizia gauni la binti yake, la bluu lenye maua madogo, na roho yake ilikuwa kunjufu.

— Jamani, mwanangu kanitisha jana, Wembe alianza.

— Kakuomba pesa? Mama Birika aliuliza.

— Afadhali angeniomba pesa. Nilimpa chupa ya dawa ya kikohozi anisomee, nijue nimeze vijiko vingapi. Mnajua mimi na maandishi madogo hatupikiki chungu kimoja. Kaishika vizuri, kaweka kidole chini ya maandishi, kasoma bila kukwama. "Mbuzi mweupe amesimama kisimani. Mtoto anamwita. Mbuzi hageuki."

— Kwenye chupa ya dawa?

— Kwenye chupa ya dawa. Nikamwambia rudia. Karudia, neno kwa neno. Na sauti si yake. Mwanangu ana sauti ya kukoroma kama ya mama yake. Ile ilikuwa nyembamba, nyororo, kama ya mtoto wa watu wengine.

Mama Birika alicheka. Karani hakucheka. Mlangoni, mguu wa Fundi ulisimama juu ya kanyagio, sindano ikabaki imezama kwenye kitambaa.

Hapa lazima ijulikane siri moja. Fundi hakusoma. Tarakimu anazijua kuliko wengi, maana futi ya kupimia imemkaa shingoni miaka thelathini, lakini yeye na herufi ni majirani wasiosalimiana. Kijiwe hakijui, na Fundi angependa azikwe nayo. Ndiyo sababu mjukuu wake Malkia, wa miaka minane, alipoingizwa kwenye Mfuko na baada ya mwaka mmoja akaanza kusoma kwa ufasaha, babu mtu aliona Mungu kamfuta machozi. Mfuko ni ule msaada wa watoto wa nyumba zisizo na kitu: sare, viatu, vitabu na chakula cha mchana. Sare zao hushonwa na Fundi huyuhuyu, na kwenye kola hutiwa utepe wa kijani ili wapishi wajue nani wa kumpakulia.

Mama yake Malkia hufanya kazi kiwanda cha sabuni, mji wa mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Simu yake haikupatikana tangu mwezi uliopita, na hilo halikumshtua Fundi, kwa kuwa binti huyo huuza simu kila akibanwa. Mwanzoni mwa mwezi huu dereva wa basi alileta barua yake. Malkia aliisoma huku babu amekaa kitandani, mikono magotini. Mbuzi mweupe, kisima, mtoto anaita. Fundi alicheka sana. Alidhani binti yake kamtungia mtoto hadithi, maana alikuwa mtu wa hadithi tangu mdogo. Kisha akaichukua barua mwenyewe na kuona namba tatu: 36, 28, 14. Kifua, kiuno, mkono. Akasema moyoni, huyu anataka gauni na anaona haya kuomba. Kiuno kilimsikitisha kidogo, kimepungua, akalaumu kazi za kiwandani. Akanunua kitambaa.

Sasa maneno ya barua ile yalikuwa yanatoka kwenye chupa ya kikohozi.

— Mimi nawaambia ni vitabu, Wembe aliendelea. Vile vitabu vya msaada vimetoka mbali. Nani anajua vilikaa ghala gani? Kitu kikikaa gizani miaka mingi bila mwenyewe, hupata mwenyewe.

— Wahenga walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, Karani alisema.

— Ndiyo nini sasa, Karani?

— Ndiyo hivyo. Mbuzi huyo ana kamba ndefu. Imefika mpaka nyumbani kwako.

— Karani, hiyo methali haikukusudiwa hapo.

— Methali ni kama kofia, hukaa kichwa chochote. Sasa nisikilizeni. Si vitabu. Ni chakula. Mtoto wa jirani yangu yuko darasa lilelile, chumba kilekile, mwalimu yuleyule, ila hayumo kwenye Mfuko kwa kuwa baba yake ana mashine ya kusaga. Huyo anasoma kwa kukwamakwama kama sisi tulivyosoma, na anasoma kilichoandikwa. Lakini wenye utepe, wanaokula kule, wote wanasoma mbuzi. Wote sabini. Wamekula kitu kimoja, wamekuwa na ulimi mmoja.

— Karani, usiniharibie dada yangu jina, alisema Mama Birika. Dada yangu ndiye anapika pale. Maharage ni maharage. Mnataka kujua kweli au mnataka kunywa kahawa?

— Vyote, alisema Wembe.

— Basi kweli ni hii. Wakaguzi wa Mfuko huja na karatasi moja. Mtoto akiisoma dakika moja bila kukwama, ameandikwa kuwa anajua, na chakula cha muhula ujao kinakuja. Mwaka wa kwanza walikwama. Mnakumbuka? Sufuria ziligeuzwa miezi miwili. Mwalimu wao akaikariri ile karatasi, akawakaririsha. Karatasi haijabadilishwa mpaka leo. Wanakuja tena kesho, tarehe kumi na tisa. Yamekwisha.

Kijiwe kiliipima habari hiyo, kikaiona haina chumvi.

— Kukariri ni kukariri, alisema Wembe. Hata mimi nilikariri majedwali. Lakini sikuwahi kuona jedwali kwenye chupa ya dawa.

Fundi aliinama, akajifanya anatafuta pini. Aliyakumbuka vizuri yale ya kabla ya Mfuko. Alishawahi kubeba mtoto mmoja kutoka gwaride la asubuhi mpaka bombani, kaanguka kwa njaa, mwepesi kama mkoba. Na ile miezi miwili ya sufuria kugeuzwa, Malkia alikuwa anarudi nyumbani ameshika ukuta. Hakuweza kumchukia mwalimu. Angekuwa yeye mwalimu, angewafundisha mbuzi na kondoo juu yake. Lakini barua ilikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo.

Ndipo upepo ukageuka, ukaleta sauti kutoka ng'ambo ya barabara.

Walikuwa wanafanya mazoezi ya kesho. Kila mtu huwajua watoto wakisoma kwa pamoja: mmoja hutangulia, mwingine hubaki nyuma, mmoja hukohoa, mmoja hupiga kelele apate sifa. Hawa walikuwa sabini na hakuna aliyetangulia. "Mbuzi mweupe amesimama kisimani." Kimya, wote wakivuta pumzi, na pumzi yenyewe ikasikika kuvuka barabara. "Mtoto anamwita. Mbuzi hageuki. Mtoto anamwita tena. Maji yamekwisha kisimani." Kimya. Kisha kutoka mwanzo.

— Mama Birika, alisema Wembe taratibu, huo ndio unaita kukariri?

Mama Birika alikuwa anapangusa kikombe kilichokwisha kupanguswa.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Karani, akamgeukia Fundi.

— Mimi nimefanya nini?

— Utepe. Ni wewe unayewatia utepe shingoni. Sijasema una nia mbaya. Nimesema nguo ni yako. Mtu akifungwa kitu shingoni kila siku, kitu kilekile, rangi ileile, mwisho hajui yeye ni nani. Ukiwaita lango lile likifunguka, wote watageuka. Au hakuna atakayegeuka.

— Utepe nanunua dukani, Karani. Hata mkeo kafungia mapazia.

— Na mapazia yale siku hizi siyapendi.

— Mnazunguka tu, Wembe alisema, na sasa alikuwa amesogea mpaka karibu adondoke. Mmesahau kisima. Palikuwa na kisima nyuma ya vyoo vya shule, kabla ya bomba. Kilifukiwa. Mimi nilikuwa mdogo. Sasa niambieni, nani alimwandikia mtu wa mbali, mtu wa Mfuko asiyewahi kufika hapa, kwamba hapa palikuwa na kisima?

— Visima viko kila mahali.

— Na mbuzi mweupe?

— Na mbuzi weupe wako kila mahali, Wembe.

— Basi kwa nini hageuki? Mbuzi ukimwita hugeuka. Hata akikudharau hugeuka kwanza, ndipo akudharau. Huyu wanamwita sabini kwa pamoja, kila siku, mwaka wa tatu huu. Mimi nasema watoto hawasomi. Watoto wanamwona. Wamemwona yeye, na ndiyo maana hawaoni kitu kingine chochote unachowawekea mbele.

Hakuna aliyecheka. Kengele ya shule ililia na hata Karani akashtuka, yeye aliyesikia kengele hiyo maisha yake yote.

Malkia alivuka barabara na mkoba mgongoni, utepe wa kijani shingoni, soksi moja imeshuka. Aliwasalimu wote kwa zamu, shikamoo tatu na ya nne kwa babu, akaegemea cherehani. Alikuwa mtoto yuleyule wa asubuhi. Fundi alitamani kumwambia aingie ndani abadili nguo, mambo yaishe hapo. Wembe akawahi.

— Malkia, mama. Nisomee hili gazeti, nijue kama bei ya nyembe imepanda.

Mtoto alilipokea. Lilikuwa juu chini. Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza na uso wake ukatulia, ukafutika, kama uso wa mtu aliyelala macho wazi.

— Mbuzi mweupe amesimama kisimani. Mtoto anamwita. Mbuzi hageuki.

— Inatosha, mama.

— Mtoto anamwita tena.

— Inatosha.

— Maji yamekwisha kisimani.

Hapo ndipo aliponyamaza, akainua macho, akatabasamu, akawa Malkia tena. Karani aliingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza upande wa nyuma. Ilikuwa nyeupe, haina hata doa la wino.

— Na hii, mjukuu wangu?

Kidole kilitua juu ya weupe ule. Kikatembea kulia, taratibu, kikafika ukingoni, kikarudi, kikashuka mstari. Hakikuruka mahali. Sauti ile nyembamba ikasoma mbuzi, ikasoma kisima, na mwisho wa mstari wa tano kidole kikasimama, kikapiga nukta.

Mama Birika aliondoa birika jikoni bila sababu, akalirudisha. Fundi alitoka kwenye cherehani, akachuchumaa mbele ya mjukuu wake. Hofu ilikuwa imemshika waziwazi na hakuwa na nguvu za kuificha.

— Malkia. Ukisoma unaona nini?

— Naona mbuzi, babu.

— Na maandishi?

— Maandishi yapo chini ya kidole.

— Yanasemaje?

Mtoto alimtazama kwa huruma, kama mtu anayeulizwa maji yana rangi gani.

— Yanasema mbuzi.

— Na ile barua ya mama?

— Ilisema mbuzi pia. Si nilikusomea? Ukacheka.

Wembe na Karani waliangaliana. Habari ya barua ilikuwa ngeni kwao. Fundi alisimama, magoti yakalia, akarudi kwenye droo na kuivuta. Aliishika bahasha lakini hakuitoa. Karani angeweza kuisoma, ana miwani. Wembe naye angeikokota hivyohivyo mpaka mwisho. Lakini kumpa Karani barua ya binti yako ni kumwambia Karani miaka thelathini ulikuwa unashika gazeti kwa ajili ya picha. Ni aibu ya kijinga. Fundi mwenyewe aliijua kuwa ni ya kijinga, na bado ilimshinda.

Wakati huo ndipo mkokoteni uliposimama mbele ya baraza. Juu yake palikuwa na godoro lililofungwa kamba, sanduku la bati na ndoo. Mama mmoja wa makamo alikuwa anatembea kando yake, vumbi mpaka kwenye nyusi.

— Hamjambo hapa? Samahani, hii ndiyo shule ya msingi?

— Ndiyo yenyewe, alisema Mama Birika. Karibu ukae. Umetoka mbali?

— Mbali sana, mama yangu. Nimehamishiwa hapa kufundisha. Nimekaa njiani mpaka nimesahau kitanda kinafananaje.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Karani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo methali yake ilikaa mahali pake, ingawa yeye mwenyewe hakujua.

Walimpisha benchini, wakamwonya kuhusu bawaba. Mama Birika alimjazia kikombe. Mwalimu mgeni alikunywa funda moja, akafumba macho. Alipoyafumbua alimkuta Fundi amesimama mbele yake na bahasha.

— Mwalimu, nakuomba unisaidie. Nisomee hii. Nimesahau miwani.

Fundi hakuwahi kuwa na miwani, na benchi zima lilijua hivyo. Wembe alitazama barabara, Karani akatazama vidole vyake. Yaelekea hawakuwa wabaya wale, ni domo tu.

Mwalimu alifungua karatasi, akasoma kwa sauti ya chini, ya kazi, pasipo kupandisha wala kushusha.

— "Baba, shikamoo. Usishtuke ukiona barua, simu nimeiuza kwa ajili ya dawa. Nimelazwa hospitali kubwa ya huku, wodi ya 36, kitanda cha 28. Ni tumboni. Daktari amesema watanipasua tarehe 14 na hawawezi kuanza mpaka ndugu aje kutia sahihi, na atakayenitolea damu. Sina mtu mwingine huku. Baba njoo, uje na mtoto. Nataka nimwone kabla sijaingia. Mwambie anisomee kitu nikiwa kitandani, nimesikia anajua kusoma, nimefurahi mpaka nimelia. Nakusubiri. Mimi mwanao."

Makaa yalilia jikoni. Fundi alikuwa amesimama wima, futi shingoni, na midomo yake ilikuwa inatamka kitu kisichotoka. Wembe, aliyekuwa karibu naye, alikisikia: thelathini na sita, ishirini na nane, kumi na nne. Akageuka kulitazama gauni lililoning'inia kwenye cherehani. Hakuelewa mara moja. Alipoelewa alivua kofia.

Mwalimu mgeni alikunja barua kwa uangalifu, akairudisha kwenye bahasha. Alikuwa mtu mwema na alikuwa amechoka, na alitaka kusaidia.

— Pole, mzee wangu. Lakini usikate tamaa, pengine bado mnawahi. Mimi safari imenipotezea hesabu ya siku. Leo ni tarehe ngapi?

Karani alifungua mdomo. Mtu huyu hakuwahi kukosa jibu tangu kijiwe kianze. Aliufunga. Mama Birika aliinama juu ya birika akajifanya moshi umemwingia machoni. Wembe alibaki na kofia kifuani. Ng'ambo ya barabara lango la shule lilikuwa limefungwa na uwanja ulikuwa mtupu.

Malkia aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akawashangaa watu wazima wasiojua jambo jepesi hivyo. Akahesabu kwa vidole, polepole, kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kukwama.

— Wakaguzi wanakuja kesho. Kesho ni kumi na tisa. Kwa hiyo leo... leo ni kumi na nane.

Akamgeukia babu yake, akasubiri asifiwe.